Strava, Komoot, Ride with GPS au OsmAnd: ni ipi ikuwekee njia kwenye kifaa cha GPS?

Mtu aliyenunua kompyuta ndogo ya baiskeli, akaifunga kwenye usukani na kuiwasha pale Mama Ngina kwa mara ya kwanza, hugundua upesi kwamba kifaa hicho kinajua alipo lakini hakijui aendako. Njia hutengenezwa kwingine, kwenye simu au tarakilishi, kisha hupakuliwa kama faili na kuhamishiwa ndani ya kifaa. Hapo ndipo waendesha baiskeli wengi wa Mombasa hukwama, kwa kuwa programu za kazi hiyo ni nyingi, kila moja inajisifu, na maelezo yake yameandikwa kwa kuwafikiria watu wa nchi zenye njia maalumu za baiskeli, wala si mtu anayetaka kutoka Kisiwani hadi Kwale huku katikati kuna kivuko cha Likoni.

Nimezilinganisha nne ninazozitumia kwa zamu: Strava, Komoot, Ride with GPS na OsmAnd. Garmin Connect sikuihesabu kuwa ya tano, ingawa nayo ina sehemu ya kuchorea njia na hailipishwi, kwa sababu inamhusu mwenye kifaa cha Garmin peke yake, na kwake yeye ni mlango ambao faili za programu nyingine zote hupitia. Nitaitaja nitakapofika mlangoni.

Vigezo vya kulinganishia

Nilijiuliza maswali manne kuhusu kila programu. La kwanza, inazijua barabara zetu kwa kiasi gani, na je, inatofautisha lami, vumbi na mchanga? La pili, njia ikishachorwa inatokaje humo na kuingia kwenye kifaa, na inaingia ikiwa na nini? La tatu, bando likiisha katikati ya safari, unabaki na nini mkononi? La nne, ni kipi cha bure na kipi cha kulipia? Uzuri wa rangi na wingi wa nishani unazopewa kwa kupanda mlima nimeuacha nje, kwa kuwa haumfikishi mtu Kilifi.

Kabla ya maswali hayo, msomaji ajue kwanza kifaa chake ni cha aina gani, maana jibu la swali la pili hutegemea hilo zaidi ya kitu kingine chochote. Kuna vifaa vyenye ramani ndani, ambavyo vikipewa njia vinaweza kutambua zamu za kulia na kushoto vyenyewe. Na kuna vifaa visivyo na ramani, mfano Garmin Edge 130 Plus, ambavyo huonyesha mstari mtupu na mshale wako ukiufuata. Hata mwenye kifaa chenye ramani asijiamini mapema: aliyeletewa na ndugu kutoka Ulaya anaweza kukuta ramani iliyomo ni ya Ulaya kwa kina, na Mombasa ikiwa na barabara kuu mbili tatu na bahari. Dawa yake ipo, kwani ramani za Kenya zinazotokana na OpenStreetMap hupatikana bure katika umbo la Garmin, na faili yenye jina gmapsupp.img huwekwa katika folda ya Garmin ndani ya kifaa.

Barabara zetu

Programu hizi nne zinachota maji katika kisima kimoja. Mtandao wa barabara wanaoutumia kukokotoa njia hutoka OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Kwa hiyo kosa lililomo kisimani huonekana katika vikombe vyote vinne. Niliwahi kuongozwa na programu moja hadi kando ya mikoko karibu na Mikindani, kwenye kijia kilichochorwa kama barabara ya kawaida, nikakuta kinaishia kwenye tope jeusi lililoachwa wazi na maji kupwa. Nilirudi nimebeba baiskeli begani, nikaamini nimeonewa na programu ile. Lakini jioni nilipofungua nyingine mbili nilikuta nazo zimekichora kijia kilekile kwa ujasiri uleule. Nilichofanya ni kujisajili OpenStreetMap na kukirekebisha, na baada ya wiki kadhaa zote zikaacha kunipeleka huko.

Tofauti, basi, iko katika kile kila programu inachoongeza juu ya ramani hiyo ya pamoja.

Strava, iliyoanza mwaka 2009 huko San Francisco, inaongeza nyayo za watu. Ina ramani inayong'aa zaidi pale ambapo waendesha baiskeli wengi wamepita, na mchoraji wake wa njia hupendelea barabara hizo. Kwa mgeni wa mji hili ni jambo la thamani, kwa sababu linamwonyesha wenyeji hufanyia wapi mazoezi. Lakini mng'ao huo unasema watu wamepita, hausemi walipita saa ngapi. Barabara kuu ya kuelekea Malindi hung'aa kwa sababu ya watu wa Jumapili alfajiri; anayeifuata Jumatano saa mbili asubuhi, matatu zikiwa zimeshika kasi na malori yakiwa yamejipanga, atapata safari nyingine kabisa.

Komoot ni ya Ujerumani, ilianza mwaka 2010, na mwaka 2025 ilinunuliwa na kampuni ya Italia iitwayo Bending Spoons. Nguvu yake ni kukuuliza kwanza unapanda baiskeli gani, ya lami, ya safari ndefu, ya changarawe au ya milimani, kisha kukuchorea njia inayolingana nayo na kukuonyesha ni kilomita ngapi za lami na ngapi za vumbi kabla hujatoka nyumbani. Anayepanga kutoka Mazeras kupita Rabai na Ribe hadi Kaloleni atalipenda jambo hilo. Udhaifu ni kwamba hesabu hiyo hutegemea mtu aliyeandika kwenye ramani kwamba barabara fulani ni ya lami. Pasipoandikwa, inabahatisha au inakiri kwamba haijui. Mapendekezo ya mahali pazuri pa kupita, ambayo huwekwa na watumiaji wenyewe, nayo hupungua sana ukiacha ufuo na kuingia bara.

Ride with GPS, ya Oregon nchini Marekani, haina papara ya kukupendekezea. Inakupa meza ya kazi. Unachora njia kwa kubonyeza nukta hadi nukta, na unaweza kubadilisha ramani iliyo chini ya mstari wako, ukaangalia picha za setilaiti kuhakikisha kama ile barabara nyembamba nyuma ya Shanzu ni njia kweli au ni ua wa mtu. Ina pia namna ya kuchora mstari mnyoofu usiofuata barabara yoyote, ambayo ni muhimu pale ambapo wewe unajua pa kupita na ramani haijui.

OsmAnd inaonyesha OpenStreetMap yenyewe bila kuipamba. Kila kilichoandikwa na wachoraji, kuanzia kisima hadi kizuizi cha barabarani, unaweza kukiona ukitaka, na unaweza kuiagiza iepuke barabara zisizo na lami au vivuko. Mwanzoni menyu zake humchosha mtu, na hilo nalisema kama mtu anayeipenda.

Kuna mambo mawili ambayo hakuna hata moja kati ya hizi inayoyaweza. Madaraja ni la kwanza. Urefu wa ardhi katika programu za namna hii kwa kawaida husomwa kwenye data za setilaiti na rada, si kwenye uso wa daraja, hivyo mchoro wa miinuko unaweza kuonyesha kwamba katika Daraja la Nyali au la Kilifi unashuka hadi usawa wa bahari kisha unapanda tena, mlima ambao haupo. La pili ni upepo. Saa za safari zinazokadiriwa kwenda Malindi na kurudi hazijui kusi. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi upepo huo humsukuma mtu akienda kaskazini, akadhani amekuwa bingwa, kisha humsubiri Watamu wakati wa kurudi.

Kutoka kwenye programu hadi kwenye kifaa

Hapa ndipo panapotenganisha programu hizi kwa kweli, na ndipo ningemshauri msomaji atumie muda wake.

Faili ya kawaida ni ya aina ya GPX. Ukiifungua kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi utaona ni orodha ndefu ya nukta, kila moja ikiwa na latitudo na longitudo; nukta ya karibu na Fort Jesus itakuwa kama -4.06 na 39.68. Alama ile ya kutoa ndiyo inayokuweka kusini mwa ikweta. Rafiki yangu mmoja alizinakili nukta kwa mkono akaiacha, na kifaa chake kikamwambia kwamba safari inaanzia kilomita mia tisa kutoka alipo, yaani ng'ambo ya Moyale, ndani ya Ethiopia. GPX ya kawaida hubeba mstari tu. Faili za TCX na FIT zinaweza kubeba pia maelekezo ya zamu, na ndiyo sababu mwenye kifaa kisicho na ramani anazihitaji zaidi: bila hizo, kifaa hakitamwambia "pinda kushoto", kitamwonyesha tu kwamba mstari umepinda.

Ride with GPS iko mbele katika hili. Njia uliyoichora kwenye tovuti yake hutoka kama GPX, TCX au FIT, na orodha ya zamu ikiwa imeshaandaliwa. Wanaolipia wanaweza kuongeza maelekezo yao wenyewe, kwa mfano "Shuka hapa, subiri feri", na kifaa kikayatoa kwa wakati wake. Inaunganishwa moja kwa moja na akaunti za Garmin na Wahoo, kampuni mbili za vifaa hivi, njia ikaingia bila waya.

Strava hufanya jambo hilo kwa wepesi usio na kifani kwa aliyekwisha kuunganisha akaunti zake: unaiwekea njia alama ya nyota, na muda mfupi baadaye inajitokeza kwenye kifaa. Kwenye tovuti unaweza pia kuipakua kama GPX au TCX. Komoot nayo huunganishwa na Garmin na Wahoo na hutoa GPX, lakini tangu mwaka 2025 watumiaji wapya hutakiwa kulipia ndipo njia zao zitumwe moja kwa moja kwenye vifaa hivyo, jambo ambalo waliojiunga zamani huenda wasikuambie kwa kuwa halijawagusa.

OsmAnd haina uhusiano wa namna hiyo na kampuni za vifaa. Unapanga njia kwenye simu, unaihifadhi kama GPX, kisha unaishiriki kama unavyoshiriki picha. Mwenye Garmin anachagua kuifungua kwa Garmin Connect, anaihifadhi humo na kuituma kwa Bluetooth. Mwenye Wahoo anaifungua kwa programu ya Wahoo. Ni hatua mbili zaidi, si zaidi ya hapo. Na anayependa waya anaweza kukiunganisha kifaa chake cha Garmin Edge na tarakilishi, akaiweka faili kutoka programu yoyote katika folda iitwayo NewFiles iliyo ndani ya folda ya Garmin, akachomoa, na kifaa kikaisoma chenyewe. Njia hii ya waya nimeiona ikifanya kazi siku ambazo Bluetooth imegoma.

Sasa mfano wa Kwale, kwa sababu unaonyesha kitu ambacho maelezo ya kampuni hayagusi. Njia kutoka katikati ya mji hadi Kwale ni takriban kilomita 30, inavuka Likoni, inapita Kombani, kisha inapanda Milima ya Shimba hadi karibu mita 400 juu ya bahari. Ukiichora kama faili moja, programu itaunganisha pande mbili za kivuko kwa mstari wa feri uliomo kwenye ramani, na majini kifaa kitaanza kulia kwamba umeacha njia, maana feri haifuati mstari wa mtu, huku kikikuongezea nusu kilomita hivi ambayo hukuikanyagia. Mimi hugawa safari hiyo katika faili mbili: moja inaishia lango la feri upande wa Kisiwani, ya pili inaanza Likoni. Katika Ride with GPS na OsmAnd kugawa ni rahisi. Katika Strava na Komoot huwa nachora njia mbili tangu mwanzo. Asiyetaka feri anaweza kuzungukia Dongo Kundu kupitia madaraja ya Mwache na Mteza, barabara iliyokamilika mwaka 2024, ila ahakikishe kwamba ramani aliyopakua si ya zamani kuliko barabara yenyewe, ama sivyo mshale wake utaonekana unaelea juu ya mikoko.

Bando likiisha

Njia ikishaingia kwenye kifaa, intaneti haihitajiki tena, na kwa maana hiyo programu zote nne ziko sawa. Tofauti inaonekana pale unapotaka kubadilisha mpango ukiwa Mariakani na simu haina hata megabaiti moja. OsmAnd hapo haina mpinzani: ramani ya Kenya iko ndani ya simu, na inakokotoa njia mpya humohumo bila kumwuliza mtu. Komoot hukuruhusu kupakua njia pamoja na ramani ya eneo ulilolifungua. Ride with GPS na Strava hutoa ramani za kutumia bila intaneti kwa wanaolipia, na hizo hukusaidia kufuata njia uliyoihifadhi, lakini kwa kuchora mpya kutoka mwanzo huwa unazihitaji seva zao.

Malipo

OsmAnd ina toleo la bure lenye kikomo cha idadi ya ramani unazoweza kupakua, na kwa anayehitaji Kenya peke yake kikomo hicho hakimsumbui. Ride with GPS huruhusu kuchora na kupakua njia kwa akaunti ya bure kwenye tovuti. Komoot hukupa eneo moja bure, kisha huuza maeneo mengine au usajili. Strava ilihamishia uchoraji wa njia upande wa wanaolipia mwezi Mei 2020, hivyo asiyelipa asiihesabu kama chombo cha kupangia. Bei hubadilika na mara nyingi hutozwa kwa kadi; asiye na kadi ya benki anaweza kutumia M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya kwenye simu iliyoanza mwaka 2022. Ukijaribu usajili wa majaribio, andika mahali siku ya kuusitisha.

Kwa hali yako

Ikiwa tayari unalipia Strava kwa ajili ya mazoezi, na safari zako ni za lami kati ya Nyali, Mtwapa na Kilifi, huna sababu ya kuongeza programu nyingine. Weka nyota na uondoke. Ikiwa umehamia Mombasa juzi na huna wenyeji wa kukuongoza, mwezi mmoja wa Strava utakufunza mji haraka, mradi ukumbuke suala la saa.

Ikiwa una baiskeli ya matairi mapana na roho yako iko Rabai, Kaloleni na vijia vya Kwale, anza na Komoot kwa sababu ya hesabu yake ya lami na vumbi, ila wakati wa masika usiiamini kuhusu udongo. Muulize mtu wa bodaboda aliyetoka huko asubuhi hiyo.

Ikiwa kifaa chako hakina ramani, au wewe ndiye unayeongoza kikundi na kila mtu ana kifaa cha kampuni tofauti, Ride with GPS itakupunguzia ugomvi, kwani njia moja hutoka katika maumbo yote na kila mtu akachukua lake. Hata ukiitumia kwa bure, inatosha.

Ikiwa bando ni la kuhesabu, au unasafiri siku kadhaa kuelekea Lunga Lunga au bara, chukua OsmAnd, pakua ramani kwenye Wi-Fi kabla ya kuondoka, na uvumilie hatua zake za ziada. Mimi huwa nayo kwenye simu hata siku ambazo njia nimeichora kwingine.

Na anayetaka kuzunguka Mji wa Kale tu asijisumbue na yoyote kati ya hizi. Vichochoro ni vyembamba, mawimbi ya setilaiti hugonga kuta ndefu kabla ya kukufikia, na mshale wako utaruka mtaa wa pili huku wewe umesimama. Huko zima kifaa, punguza mwendo, na uwaulize wazee walioketi barazani.